Kabati Linalosubiri Gita

9 Februari

Shangazi Waya,

Shikamoo. Ile ya siku ya kuondoka nadhani ilipotea, maana ulikuwa umeingiza kichwa ndani ya Kabati na ni Kabati lenyewe lililoitikia. Nimefika salama, na gita halina hata mkwaruzo, ingawa mwenye basi alitaka kulilaza chini ya magunia. Nilimwambia anilaze mimi kwanza.

Chumba changu kiko juu ya duka la dobi. Sakafu inapata joto la pasi mchana kutwa, na mvuke unapanda hadi dirishani, kwa hiyo nikiamka huwa sijui kama kumekucha au bado naota. Baba mwambie nakula. Mwambie pia kazi ya kiwanda cha uchapaji si nzito, nafunga vifurushi tu, na wenzangu wameshaanza kuniita Chiriku. Hakuna aliyewaambia. Nimeongea nao siku mbili wakalipata jina wenyewe.

Nimewasimulia habari za Kabati wakaona napiga chuku. Nikasema: dada yake baba ni fundi redio. Amelichukua kabati la vyombo la marehemu bibi, akatoa sahani, akapanga humo visanduku vya umeme alivyovijenga kwa vipuri vya redio zilizokufa. Kimoja kinatoa mlio, kingine kinauchuja, kingine ni kama mlango, kinaufungulia na kuufungia. Hakuna hata kimoja kinachojua wimbo. Yeye ndiye anayeviunga kwa nyaya, mwekundu huku, wa njano kule, na sauti inategemea nani kaungwa na nani. Akizing'oa nyaya, sauti ile imekwenda. Wakaniuliza, "Sasa wewe kazi yako nini hapo?" Nikawajibu kwamba mimi nakaa kando na gita la umeme, naongea na Kabati.

Usisahau Novemba. Ukumbi mpya wa shule tutaufungua sisi wawili, nilishakubali kwa niaba yako kabla hujakataa. Nirekodie Kabati kwenye kanda, alasiri nzima, nipate cha kufanyia mazoezi.

Mtoto wa kaka yako,
Chiriku

1 Machi

Chiriku,

Marahaba, na Kabati linasema marahaba yake ilitoka moyoni. Hapa sote wazima isipokuwa goti la baba yako, ambalo limekuwa mtu wa sita katika mazungumzo ya nyumba. Anasema hakukumbuki hata kidogo. Kila jioni anapita karakana kuuliza kama kuna barua, kisha anaona haya na kujifanya alifuata bisibisi. Sasa bisibisi zote ziko kwake na mimi nafungua redio kwa kisu.

Nimekurekodia alasiri ya Jumamosi. Utasikia Kabati likianza chini, zito, kama mtu anayeamka bila kutaka. Bati la karakana likipata joto sauti inapanda polepole, haimwombi mtu ruhusa. Usihangaike kutafuta ni noti gani. Fanya kama ulivyozoea, vuta uzi wa gita au ulegeze hadi mkutane. Katikati imo mvua. Kabati lilipoa likaanza kushuka, mimi nikakaa sakafuni kati ya maganda ya redio nikasikiliza mpaka kanda ikaisha. Kama mteja aligonga, sikumsikia.

Funga dirisha unapolala. Kula mboga za majani.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nakula, nalala, dirisha nalifunga, kwa hiyo sehemu ya maswali tumeimaliza.

Jumapili nilifunga mlango, nikaweka kanda, nikakaa kwenye sakafu yangu ya moto. Mwanzoni nilipiga mno, unanijua. Kisha mvua yako ikaanza kunyesha chumbani mwangu, huku nje jua kali, nikapunguza. Mwisho nilikuwa nimeshika noti moja tu kwa kidole, naitikisa kidogo, Kabati linashuka nami nashuka nalo, hadi sikujua nani anamfuata nani. Nikaota macho wazi kwamba nyuzi za gita zimetoka dirishani, zimepita juu ya mapaa ya mji wote huu, zimeingia kwako karakana, na wewe unazichomeka moja moja bila kuuliza zimetoka wapi. Dobi alipanda ngazi kuuliza kama ni pasi zake zinazolia. Nilimkaribisha, akakaa, akasahau pasi.

Nimekurekodia kwenye kanda hii hii, upande wa pili. Ncha za vidole zimekuwa ngumu tena, nikizigonga mezani zinalia.

Na kazini nimepandishwa. Sasa niko kwenye mashine ya kukata karatasi. Kisu chake ni kirefu kama mkono wangu na kinashuka kimya kabisa, rundo zima linagawanyika kama ndizi mbivu. Msimamizi anasema nina mkono mwepesi.

Chiriku wako

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Kazi zimekuwa nyingi na nilipata homa, imekwisha. Msalimie baba, ameze dawa ya goti.

Kanda hii hapa. Ni fupi.

Chiriku

18 Juni

Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na chai haijapoa, na ilikuwa chai ya nusu kikombe. Tumekaa zaidi ya miezi miwili roho juu, baba yako amechakaza njia ya kuja karakana, halafu unatuletea mistari inayoenea kwenye kiganja! Homa gani hiyo inayokula maneno?

Haya, yaishe. Habari ya kazi. Kanda yako imefika ikiwa imeshuka, gita lote liko chini ya mahali pake. Nikajua mara moja: rekoda yangu imechoka, mota inajikokota. Nimeifungua, nikabadilisha mkanda wake wa mpira, nikasafisha vumbi, nikakaza skrubu ya kasi kidogo kidogo hadi gita lako likapanda likakaa sawa na Kabati. Nilijisikia fundi kweli. Ila sasa unasikika unapiga kwa haraka, na pale mwanzoni ulipokohoa imekuwa kikohozi cha mtoto mchanga. Nitaichunguza zaidi.

Mwalimu wa muziki amesikia habari za Novemba, akaja na gita lake kujaribu. Anajua kupiga, sikatai. Lakini alijaza kila nafasi, Kabati likabaki limeachama halina pa kuingilia. Nilimpa maji ya kunywa nikamshukuru kwa kufika. Mimi nakungoja wewe.

Shangazi yako

9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Itakuwa ni hiyo mota.

Kuhusu Novemba, mpe mwalimu. Atazoea. Likizo huku ni ngumu kupata. Tena usinitumie kanda nyingine kwa sasa, sina nafasi ya kupiga. Baba asijue nimesema hivi, atapanda basi na goti lake.

Chiriku

20 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Sote wazima. Nisikilize mpaka mwisho.

Wiki iliyopita baba yako alikuja na kanda yake ya zamani ya kwaya, ile anayoimba besi na kujisifu nayo mpaka leo. Tukaiweka kwenye rekoda yangu. Akaruka kitini.

"Hii rekoda yako ni mgonjwa!"

"Mgonjwa wapi? Nimeitengeneza mwenyewe."

"Umeitengeneza nini? Hebu sikiliza, naimba kama mtoto wa chekechea!"

Nilicheka hadi machozi. Alipoondoka nikairudisha skrubu ilipokuwa, besi yake ikarudi. Halafu nikaiweka kanda yako na kicheko kikaniisha. Rekoda haikuwa na ubovu wowote. Ni wewe uliyezilegeza nyuzi, ili zikipigwa hivi hivi bila kushikwa ziafikiane.

Nimeirudia kanda ile kwa siku kadhaa. Vidole vyako navisikia tangu ulipokuwa unabebwa na gita badala ya kulibeba. Kile kimlio vinapoteleza juu ya uzi kutoka noti hadi noti nakifahamu kuliko mlio wa mlango wangu. Humu hakimo. Mkono wa kulia ni wako, ningeutambua popote. Wa kushoto sikuusikia.

Sikuulizi. Nimeng'oa nyaya zote za Kabati nikaanza upya. Sasa waya wa gita unaingia moja kwa moja kwenye kile kisanduku kilicho kama mlango. Ukigusa uzi, uzi wowote, mlango unafunguka na Kabati linasogea noti moja mbele. Ukigusa kwa upole, noti inatoka na giza lake. Ukigusa kwa nguvu, kichujio kinaachia na inang'aa. Usipogusa, linakaa palepale linasubiri. Noti nimezipanga mimi kwa vitufe vya kuzungusha, wewe utazibadilisha utakavyo. Unahitaji mkono mmoja tu.

Nimeazima gita la mwalimu nikapiga mwenyewe kwenye kanda hii, upate kuona ilivyo rahisi.

Shangazi yako

5 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Kanda sijaisikiliza na sitaisikiliza.

Ilikuwa Aprili. Niliingiza mkono kunyoosha rundo lililopinda, kisu kikashuka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, vimeishia kwenye kifundo cha kwanza. Hakikupiga kelele, kimya kile kile nilichokusifia. Kidonda kimepona. Wamenirudisha kwenye vifurushi. Sasa unajua.

Kanda ya Mei nilikutumia nikidhani nitakudanganya, na ulipoandika kuhusu mota nilifurahi, halafu nikalia kwa sababu nilifurahi.

Unataka nikae mbele ya watu nigonge uzi mmoja kama mtu anayebonyeza kengele ya mlangoni, huku Kabati linaniimbia? Nilikuwa mpiga gita, shangazi. Nilikuwa nashika uzi unaongea. Hii uliyonitumia ni huruma. Umeifungia ndani ya nyaya lakini ni huruma tu, na mimi siitaki. Novemba mpe mwalimu. Gita langu liko chini ya kitanda na linakaa huko huko.

Chiriku

19 Septemba

Chiriku,

Marahaba. Hata ukiwa umewaka hivyo umeanza na shikamoo, basi malezi hayakwenda bure.

Nimelia. Nililia juu ya meza ya kazi, mteja akaingia kufuata redio yake, akaniona, akadhani ndiyo imekufa. Akaanza kunipa pole yeye. Nikampa redio yake nzima, akaondoka ananitazama nyuma.

Sikujua kwamba ni vidole. Nilifikiri umeteguka, nilifikiri ganzi, nilifikiri kila kitu isipokuwa hicho. Naona uchungu kuandika. Na una haki ya kunikasirikia. Nilipolisikia gita liko chini nikakimbilia kutengeneza rekoda. Nilipokusikia wewe uko chini nikataka kukutengeneza wewe, kama umeletwa kaunta na mtu atakufuata Ijumaa. Maneno ya kumfariji mtu sina. Nina nyaya. Nilichukua nilichonacho.

Lakini huruma sikubali. Nakutaka kwa ajili yangu mwenyewe. Kabati bila wewe ni umeme unaojisemea, na mimi nimechoka kuwa msikilizaji wake peke yangu. Isikilize ile kanda kwanza, matusi yafuate. Mwalimu nimemwambia nitamjibu mwisho wa Oktoba. Baba yako sijamwambia kitu, hilo ni lako, ila jana aliniuliza kwa nini siku hizi nasoma barua zako nikiwa nimempa mgongo.

Shangazi yako anayekupenda, hata kama hakuliandika hili huko nyuma

12 Oktoba

Shangazi, umepiga vibaya!

Shikamoo, nimesahau. Umepiga vibaya, shangazi yangu, hakuna maneno ya kulipamba hili. Unagonga uzi kama askari anayegonga mlango. Noti zinatoka zote, zimejipanga vizuri, kila moja na sauti ambayo sijapata kuisikia kwenye Kabati, ile ya tatu inanuka mvua kabisa, na wimbo haupo! Baada ya noti ya tano Kabati linaanza kulegea, linazama taratibu, linakuomba uliache lizame mpaka karibu lipotee ndipo uguse. Wewe ukaligonga. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nakupigia kelele, "Subiri! Subiri kidogo!" Dobi akapanda kuuliza nani asubiri.

Nikarudisha kanda mwanzo. Mara ya pili ukaliharibu palepale. Nikacheka, nikakaa chini, kisha nikaelewa ulichokuwa unaniambia, ingawa nadhani wewe hukujua unaniambia. Mashine ni ile ile, nyaya zile zile, noti zile zile, na kwako hakuna kitu. Basi si Kabati linalopiga.

Nikalitoa gita chini ya kitanda. Lilikuwa limepoa na lina vumbi, nikalifuta kwa kanga yangu. Sikuwa na pa kulichomeka, kwa hiyo nikapiga juu ya kanda yako, kila ulipokimbia mimi nikabaki. Mkono wa kushoto niliulaza juu ya nyuzi kuzituliza zisivume. Kumbe unaweza hilo. Unaweza hata kubana kidogo kwa vile viwili vilivyobaki. Niliulilia, shangazi, nikiutazama. Tangu Aprili nilikuwa nauficha mfukoni hata nikiwa peke yangu.

Ndani ya bahasha hii mna barua ya baba. Mpe akiwa ameketi.

Nakuja Novemba. Mwalimu mrudishie gita lake, na tafadhali usiguse noti ya tatu.

Chiriku

30 Novemba

Chiriku,

Umeondoka juzi na karakana imekuwa kubwa. Baba yako amerudisha bisibisi zote, anasema hana kisingizio tena na hakihitaji, sasa atakuja tu. Ile barua aliisoma ameketi, akaikunja, akaketi mpaka giza. Siku ya kukupokea nilimwona alivyouchukua mkono wako wa kushoto kituoni, akaubana kwapani mwake, hakuuachia mpaka nyumbani, na njia nzima alikusimulia habari za goti. Nilikuwa nyuma yenu na sanduku lako. Sikuweza kuwapita.

Nakuandikia yale ya ukumbini usiyoyaona, kwa sababu ulifumba macho.

Ukumbi ulinuka rangi mbichi. Walipotuona tumeburuta Kabati jukwaani watoto wa mbele walicheka, mmoja akauliza sahani ziko wapi. Ulipogusa uzi wa kwanza wakanyamaza. Ile noti ilitoka kama imekuwa humo ndani siku zote inalala. Ya pili ikaiegemea. Baada ya hapo mimi mwenyewe sikuwa na hakika niko wapi. Nilizipanga noti zile kwa mikono yangu, nazijua kwa majina ya vipuri, na sikuzitambua. Ulikuwa unaziachia moja moja, nyingine na giza, nyingine inang'aa hadi madirisha yakanguruma, na gita lako lenyewe linapita katikati kama mtu anayetembea nyumbani kwake bila kuwasha taa. Mama mmoja alikuwa ameinuka ili atoke nje na mtoto mgongoni. Alibaki amesimama hivyo hivyo, mkono uko mlangoni. Mwalimu wa muziki alikuwa anahesabu kwa kidole juu ya goti, akapotea, akaacha kuhesabu. Baba yako aliniambia baadaye kwamba ni rangi mbichi iliyomwasha macho.

Kisha ukaacha. Sauti ikalegea, ikazama, ikawa kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta, ikazima. Ukumbi wote kimya. Kiti kikalia mahali. Mwalimu mkuu akainua macho kutazama kama umeme umekatika, watu wakaanza kugeukiana. Na mimi nikajua: waya umechomoka. Ufundi wangu wote ukaniambia waya umechomoka, na kabla sijafikiri mkono ulishafika kwenye Kabati, vidole viko juu ya ule mwekundu.

Nikakutazama kwanza. Ulikuwa umefumba macho. Mkono wa kulia uko hewani, wa kushoto umelala juu ya nyuzi, wazi, ukumbi mzima unauona, na uso wako umetulia kabisa. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Nikauondoa mkono wangu, nikauweka mapajani, nikangoja kama watu wengine, mpaka ulipogusa uzi.

Shangazi yako,
Waya